Malale yakaribia kutoweka, lakini mbung'o hajaondoka

Na Mwandishi Wetu

MIONGONI mwa wadudu waenezao maradhi ya vimelea katika nchi za joto, mbu ndiye anayefahamika zaidi kwa wakazi wa mijini. Yeye hueneza malaria na matende, na hakuna mtaa wa Dar es Salaam, Mombasa au Kampala usiomjua. Wapo wengine ambao hufahamika zaidi vijijini. Nzi weusi wa mitoni huleta usubi, yaani upofu wa mtoni. Nzi wadogo wa mchangani husambaza kalazaa. Na yupo mbung'o, ambaye katika sehemu nyingi za bara ya Tanzania huitwa ndorobo. Huyu hueneza malale kwa binadamu na nagana kwa mifugo.

Malale ni moja ya maradhi ambayo takwimu zake zimeshuka kwa kasi kubwa. Mwaka 1998 wagonjwa walioripotiwa barani Afrika walikaribia 40,000, na Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikadiria kuwa wengine wapatao 300,000 walikuwa wakiugua bila kugunduliwa. Mwaka 2009 idadi iliyoripotiwa ilishuka chini ya 10,000, jambo ambalo halikuwa limetokea kwa miaka 50. Tangu 2018 wanaoripotiwa ni chini ya 1,000 kwa mwaka.

Hizo ni habari njema. Hata hivyo, hii si mara ya kwanza kwa Afrika kukaribia kuushinda ugonjwa huu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 malale ilikuwa imedhibitiwa kiasi kwamba wengi waliiona kuwa ni jambo la historia. Miaka 30 baadaye ilikuwa ikiua tena watu kwa maelfu. Ili kufahamu kwa nini ilirudi, na kwa nini inaweza kurudi tena, ni lazima kumfahamu mdudu mwenyewe, kimelea anachokibeba na wanyama wanaokihifadhi.

Nzi asiyetaga mayai

Mbung'o hupatikana Afrika kusini mwa Jangwa la Sahara. Nchi zipatazo 36 ziko ndani ya eneo lake. Wapo wa aina takriban 30, na si wote wanaoeneza malale. Wengine hupenda vichaka vya kandokando ya mito na maziwa, wengine huishi katika misitu, na wengine katika mbuga na miombo walimo wanyamapori wengi.

Kwa umbo ni mkubwa kuliko nzi wa nyumbani, wa rangi ya kahawia. Anapotua, mabawa yake hulaliana juu ya mgongo kama makali ya mkasi uliofungwa, na mdomo wake wa kunyonyea huchomoza mbele ya kichwa. Huuma mchana, na maumivu yake humfanya mtu aruke. Dume na jike wote hunyonya damu, tofauti na mbu ambaye jike pekee ndiye anayeuma.

Jambo la ajabu zaidi ni uzazi wake. Mbung'o jike hatagi mayai. Hubeba buu mmoja tumboni, akimlisha kwa maziwa yanayotengenezwa na tezi zake, na kila baada ya siku tisa au kumi humzaa. Buu huyo hujifukia udongoni mahali penye kivuli, hugeuka kuwa pupa, na baada ya mwezi mmoja hivi hutoka akiwa nzi kamili. Katika maisha yake ya miezi miwili au mitatu, jike huzaa watoto wachache sana, takriban kumi tu.

Uzazi huo wa taratibu ndio udhaifu mkubwa wa mbung'o. Mbu hutaga mayai kwa mamia, hivyo akipunguzwa leo hurudi kwa haraka. Mbung'o akipunguzwa kidogo kidogo bila kupumzika, idadi yake huporomoka. Lakini juhudi zikisimama, nao hujijenga upya na kurudi kutoka vichaka vya jirani.

Kimelea kinachobadili vazi

Malale husababishwa na kimelea kiitwacho tripanosoma, kiumbe chenye seli moja kisichoonekana bila darubini. Mbung'o hukipata anaponyonya damu ya mtu au mnyama mwenye maambukizi. Ndani ya mwili wa nzi, kimelea husafiri kutoka tumboni hadi kwenye tezi za mate, safari ya wiki tatu hivi au zaidi. Baada ya hapo nzi huyo huweza kuambukiza kwa maisha yake yote.

Damu ya binadamu ina silaha yake. Ipo protini ndani yake inayoua aina nyingi za tripanosoma, na ndiyo maana vimelea vinavyoangamiza ng'ombe kwa nagana havimdhuru mchungaji wake. Zipo aina mbili tu ambazo zimepata namna ya kuukwepa ulinzi huo, na ndizo zinazoleta malale.

Aina ya kwanza huitwa gambiense na hupatikana Afrika Magharibi na ya Kati. Hii ndiyo inayosababisha sehemu kubwa ya wagonjwa wote. Mwenye hazina yake kuu ni binadamu, na ugonjwa wake huenda polepole, mara nyingi miaka kadhaa. Aina ya pili ni rhodesiense ya Afrika Mashariki na Kusini, ambayo iligunduliwa mwaka 1910 katika damu ya mgonjwa aliyetoka bonde la Luangwa, katika nchi inayoitwa Zambia leo. Hii huenda kwa kasi. Asiyetibiwa huweza kufa ndani ya miezi michache. Hazina yake ni wanyamapori na ng'ombe. Uganda ndiyo nchi pekee ambamo aina zote mbili zipo, gambiense kaskazini magharibi na rhodesiense kusini mashariki.

Hakuna chanjo ya malale. Mwili hutambua tripanosoma kwa koti la protini linaloifunika, na hutengeneza kinga dhidi ya koti hilo. Kinga inapokuwa tayari, baadhi ya vimelea vimekwisha kuvaa koti jingine. Mwili huanza upya, na vimelea hubadili tena. Ndiyo sababu homa ya malale huja na kuondoka kwa vipindi.

Dalili zinazofanana na malaria

Mahali alipoumwa mgonjwa, hasa katika malale ya Afrika Mashariki, huweza kutokea uvimbe wenye maumivu. Baadaye hufuata homa, maumivu ya kichwa na viungo, uchovu, na pengine kuvimba kwa tezi. Katika aina ya gambiense, tezi za nyuma ya shingo huvimba waziwazi.

Katika hatua hii ya kwanza, vimelea vimo katika damu na tezi. Katika hatua ya pili huingia kwenye ubongo na uti wa mgongo. Mgonjwa huchanganyikiwa, hubadilika tabia, hutembea kwa kuyumba na huzungumza kwa shida. Mpangilio wa usingizi huvurugika: husinzia mchana na kukesha usiku. Hapo ndipo ugonjwa ulipopatia jina lake. Mwisho wake, bila tiba, huwa ni kupoteza fahamu na kifo.

Tatizo la Afrika Mashariki ni kwamba dalili za mwanzo hufanana sana na za malaria. Mtu mwenye homa hupewa dawa za malaria, hurudi nyumbani, na homa inapopungua kwa siku chache hudhani amepona. Kipimo cha haraka cha malaria hakioneshi tripanosoma. Darubini huweza kuionesha katika tone lilelile la damu, ikiwa mpimaji anajua anachokitafuta. Kwa kadiri vipimo vya haraka vinavyochukua nafasi ya darubini katika zahanati, na wagonjwa wa malale wanavyozidi kuwa wachache, ndivyo wataalamu wenye macho ya kuitambua wanavyopungua.

Maafa ya pwani ya Ziwa Victoria

Mwaka 1901 madaktari wa hospitali ya misheni ya Mengo, Albert Cook na nduguye Jack Cook, waliwatambua wagonjwa wa kwanza wa malale nchini Uganda. Kilichofuata ni mojawapo ya misiba mikubwa katika historia ya eneo hili. Katika pwani ya Busoga na Buganda na katika visiwa vya Ziwa Victoria, inakadiriwa kuwa zaidi ya watu 200,000 walikufa katika miaka 20 ya mwanzo wa karne ya 20.

Uingereza ilituma tume ya wanasayansi Entebbe mwaka 1902. Mmoja wao, Mtaliano Aldo Castellani, aliona tripanosoma katika maji ya uti wa mgongo wa wagonjwa. Mwaka uliofuata alifika David Bruce, daktari wa jeshi ambaye miaka ya 1890 alikuwa amethibitisha huko Zululand kuwa mbung'o hueneza nagana. Watu katika sehemu mbalimbali za nchi waliombwa kukusanya nzi na kuwapeleka Entebbe, na taarifa zikawekwa kwenye ramani mbili, moja ya nzi na nyingine ya ugonjwa. Ramani hizo zilioana: ulipokuwapo ugonjwa, alikuwapo mbung'o.

Tiba haikuwapo. Mjerumani Robert Koch, aliyekuwa katika visiwa vya Ssese mwaka 1906 na 1907, aliwatibu wagonjwa kwa atoksili, dawa yenye aseniki. Wengine walipata nafuu ya muda, lakini baadhi walipofuka kutokana na dawa hiyo. Gavana Hesketh Bell naye aliamuru wakazi waondolewe pwani, na baadaye visiwani. Watu walipoteza mashamba, makaburi ya wazee wao na uvuvi waliouishi kwa vizazi. Amri hiyo ilimtenga binadamu na nzi, lakini ardhi iliyoachwa iligeuka pori, na pori ndilo makazi ya mbung'o.

Jambo kama hilo lilikuwa limekwisha kutokea kwa namna nyingine. Miaka ya 1890 sotoka iliangamiza ng'ombe na wanyamapori karibu kote Afrika Mashariki. Njaa na ndui vilifuata. Sehemu zilizokuwa malisho zilibaki bila mifugo na bila watu, vichaka vikaota, na wanyamapori walipoongezeka tena, mbung'o aliwafuata.

Miti iliyokatwa Shinyanga

Tanganyika ilitambua malale ya aina ya rhodesiense Maswa mwaka 1922. Katika sehemu za magharibi, serikali ya kikoloni iliwakusanya wakazi waliotawanyika porini katika makazi ya pamoja, ili mashamba yaliyoungana yafukuze vichaka na nzi.

Shinyanga ikawa kituo kikuu cha utafiti wa mbung'o chini ya Charles Swynnerton, aliyekuwa mkuu wa idara ya wanyamapori kabla ya kuongoza utafiti huo. Wasukuma kwa maelfu walikwenda kwa makundi kufyeka misitu, kazi iliyoandaliwa kupitia watemi wao. Mapori mengine yalichomwa moto kwa utaratibu. Nzi walipungua, na malisho yakapanuka. Swynnerton alifariki katika ajali ya ndege mwaka 1938.

Ushindi huo ulikuwa na gharama zake. Ufyekaji wa miti, ukichanganyika na ongezeko la watu na mifugo na kilimo cha pamba, uliiacha Shinyanga na maeneo makubwa yaliyo wazi na udongo unaomomonyoka. Mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kama HASHI, ambao ulitumia desturi ya Wasukuma ya ngitili, yaani malisho yanayotengwa yapumzike, ili kurejesha uoto. Mkoa uliowahi kukata miti kwa ajili ya mbung'o ulilazimika kuiotesha tena.

Ushindi wa kwanza uliosahaulika

Katika makoloni ya Ufaransa na Ubelgiji mkazo uliwekwa katika kuwatafuta wagonjwa. Miaka ya 1920 daktari Eugène Jamot alianzisha nchini Kamerun vikosi vilivyotembea kijiji hadi kijiji vikiwa na darubini, vikipima kila mkazi na kumtibu aliyeambukizwa. Mtindo huo ulienea, ikiwamo Kongo, na ulitekelezwa mara nyingi kwa mkono wa nguvu. Lakini ulipunguza vimelea katika damu za watu, na nzi wakakosa cha kubeba. Kufikia 1960 maambukizi ya gambiense yalikuwa yamekaribia kukatika.

Kisha uangalizi ukalegea. Nchi zilizokuwa zikipata uhuru zilikuwa na mahitaji mengi na fedha chache, na ugonjwa wenye wagonjwa wachache haukupewa kipaumbele. Vikosi vilikosa magari, mafuta na dawa. Vita katika Angola, Sudan ya Kusini na Kongo viliwakimbiza watu hadi kwenye mapori na kufunga zahanati. Kufikia miaka ya 1990 kulikuwa na vijiji ambamo malale ilishindana na UKIMWI katika kuua watu wazima.

Sababu kubwa ya kurejea kwa ugonjwa, kwa hiyo, haikuwa nzi mpya wala kimelea kipya. Wagonjwa walikoma kutafutwa.

Dawa: kutoka aseniki hadi vidonge

Kwa miongo mingi, tatizo la malale lilikuwa pia tatizo la dawa. Kwa hatua ya kwanza zilikuwapo suramini, iliyogunduliwa Ujerumani wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, na baadaye pentamidini. Kwa hatua ya pili ilitegemewa melarsoprol, iliyoanza kutumika mwaka 1949. Hiyo ni dawa ya aseniki inayodungwa kwenye mshipa na kuchoma kama moto. Takriban mgonjwa 1 kati ya 20 waliotibiwa aliuawa na dawa yenyewe. Madaktari waliitumia wakijua hivyo, kwa kuwa bila dawa wote 20 wangekufa.

Mwaka 1990 iliidhinishwa eflornithine, ambayo awali ilitengenezwa kwa ajili ya saratani. Iliwaamsha wagonjwa waliokuwa mahututi kiasi cha kuitwa dawa ya ufufuo. Lakini waliohitaji hawakuwa na fedha, na katikati ya miaka ya 1990 utengenezaji wake kwa ajili ya malale ulisimama. Mwaka 2000 dawa hiyohiyo iliibuka madukani Marekani kama krimu ya kupunguza nywele usoni mwa wanawake. Baada ya shinikizo la shirika la Madaktari Wasio na Mipaka na WHO, mwaka 2001 kampuni ya Aventis ilikubali kutoa dawa za malale bila malipo. Bila makubaliano hayo, kushuka kwa takwimu kulikofuata kusingewezekana.

Hata hivyo eflornithine ilihitaji dripu 56 katika siku 14, kazi ngumu kwa hospitali ya kijijini. Mwaka 2009 ilichanganywa na vidonge vya nifurtimox na dripu zikapungua hadi 14. Hatua kubwa zaidi ikawa fexinidazole, vidonge vinavyomezwa pamoja na chakula kwa siku 10. Kemikali hiyo ilikuwa imeachwa kabatini tangu miaka ya 1980, hadi taasisi ya DNDi, inayoshughulikia dawa za magonjwa yaliyopuuzwa, ilipoifufua. Wadhibiti wa dawa wa Ulaya walitoa kibali mwaka 2018 kwa aina ya gambiense.

Wagonjwa wa Afrika Mashariki walisubiri zaidi. Eflornithine haifai kwa rhodesiense, hivyo wao waliendelea kudungwa aseniki wakati wenzao wa Kongo walikuwa na njia nyingine. Ni baada ya utafiti uliofanyika Malawi na Uganda ndipo fexinidazole ilipokubaliwa kwa aina hiyo pia mwishoni mwa 2023, na mwaka 2024 WHO ikaiweka katika mwongozo wake wa tiba.

Dawa nyingine, acoziborole, humezwa mara moja tu. Matokeo ya majaribio yaliyofanyika Kongo na Guinea, ambayo yalichapishwa mwaka 2022, yalionesha kuwa zaidi ya wagonjwa 90 kati ya 100 wa gambiense walipona.

Unguja ilivyomwondoa mbung'o

Mahali pamoja katika Afrika Mashariki mbung'o ameondolewa kabisa. Kisiwa cha Unguja hakikuwa na malale, lakini nagana ilidhoofisha ng'ombe wake kwa muda mrefu. Serikali, kwa msaada wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki (IAEA), ilitumia udhaifu wa uzazi wa nzi huyo.

Kwanza nzi walipunguzwa kwa ng'ombe waliopakwa dawa na kwa vitambaa vyenye sumu. Kisha mbung'o walifugwa kwa wingi katika kituo cha utafiti Tanga, madume yakapigwa mionzi ili yawe tasa, na kuanzia 1994 yakamwagwa kisiwani kwa ndege kila wiki. Kwa kawaida jike hupandwa mara moja tu maishani. Aliyempata dume tasa hakuzaa. Mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa mwaka 1996, na mwaka 1997 kisiwa kilitangazwa kuwa hakina mbung'o.

Mafanikio hayo yaliwapa moyo viongozi wa Afrika, ambao katika mkutano wa Lomé mwaka 2000 waliazimia kumtokomeza mbung'o barani kote. Lakini Unguja imezungukwa na bahari. Bara haina ukingo wa namna hiyo, na eneo la nzi aliyeondolewa hujazwa na jirani yake.

Ng'ombe, mbuga na mipaka

Malale ya Afrika Mashariki haiwezi kumalizwa kwa kutibu watu peke yao. Hata kama kila mgonjwa angepona leo, vimelea vingebaki katika pongo, nyati na ng'ombe, wanyama ambao mara nyingi hawaoneshi dalili yoyote.

Wilaya ya Soroti nchini Uganda ilijifunza hilo kwa uchungu. Wagonjwa wa rhodesiense walianza kuonekana huko mwishoni mwa 1998, mahali ambapo ugonjwa haukuwapo kabla. Watafiti walibaini kuwa mlipuko ulihusiana na mnada wa mifugo: baada ya miaka ya machafuko na wizi wa ng'ombe, wafugaji walikuwa wakinunua mifugo kutoka kusini mashariki, baadhi ikiwa na vimelea katika damu. Ng'ombe walitembea kwa lori, na ugonjwa ukatembea nao. Kampeni iliyoanza mwaka 2006 iliwatibu ng'ombe na kuwapulizia dawa ya kuua nzi, ili aina mbili za malale za Uganda zisikutane.

Hifadhi za wanyama ni eneo jingine la hatari. Mwaka 2001 watalii kadhaa waliotembelea Serengeti na Tarangire waligunduliwa kuwa na malale baada ya kurejea kwao. Mwaka 2012 ilikuwa zamu ya wageni wawili waliotoka Maasai Mara. Watalii hupimwa katika hospitali kubwa za nchi zao. Mchunga ng'ombe, mrina asali au mwokota kuni anayeishi jirani na hifadhi hana hospitali hiyo karibu, na akifa kwa homa isiyojulikana hahesabiwi.

Hali ilivyo

Agosti 2025 WHO ilithibitisha kuwa Kenya imeondoa malale kama tatizo la afya ya jamii. Mgonjwa wake wa mwisho aliyeambukizwa nchini miongoni mwa wenyeji aligunduliwa mwaka 2009. Kenya ilikuwa nchi ya 10, baada ya Togo, Côte d'Ivoire, Benin, Uganda, Rwanda, Guinea ya Ikweta, Ghana, Chad na Guinea. Cheti cha Uganda kinahusu gambiense pekee. Tanzania haikuwa katika orodha hiyo.

Maneno "kuondoa kama tatizo la afya ya jamii" yasomwe kwa makini. Maana yake ni kwamba wagonjwa ni wachache kuliko 1 kwa kila watu 10,000 kwa mwaka katika kila wilaya, kwa wastani wa miaka mitano. Si kwamba nzi hayupo wala kwamba kimelea kimekwisha. Kwa gambiense, lengo la WHO ni kukata maambukizi kabisa ifikapo 2030. Kwa rhodesiense hakuna lengo la namna hiyo, kwa sababu ya wanyama.

Mifano ya karibuni inatosha kuonya. Malawi ilishuhudia ongezeko la wagonjwa kuanzia 2019, wengi wakitoka maeneo ya jirani na hifadhi ya Vwaza. Mwaka 2022 Ethiopia iliripoti wagonjwa wa rhodesiense baada ya zaidi ya miaka 30 bila taarifa hata moja. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambayo kwa miaka mingi imekuwa na zaidi ya nusu ya wagonjwa wote wa Afrika, bado ina maeneo ambayo vikosi vya upimaji hufika kwa shida.

Namna ya kujikinga

Kwa msomaji wa mjini anayekwenda hifadhini, kijijini kwao au mnadani, tahadhari ni chache na rahisi. Mbung'o huvutwa na kitu kinachotembea na kwa rangi ya buluu na nyeusi, ndiyo maana vitambaa vya rangi hizo vyenye sumu huning'inizwa katika Serengeti na Tarangire ili kuwanasa. Nguo za kahawia au za rangi ya udongo, nzito na za mikono mirefu, ni bora zaidi, kwani kitambaa chepesi mdomo wake hukipenya. Kagua gari kabla ya kuingia, na usipite vichakani wakati wa jua kali, ambapo nzi hupumzika kivulini. Dawa za kujipaka za kufukuza mbu husaidia kidogo tu.

Si kila anayeumwa na mbung'o hupata malale, kwani nzi wenye kimelea hicho ni wachache sana. Lakini mtu anayepata homa ndani ya wiki chache baada ya kutoka katika maeneo hayo, na kipimo cha malaria kikaonesha hana, anapaswa kumweleza daktari alikokuwa na kuomba damu yake itazamwe kwa darubini. Ugonjwa ukigunduliwa mapema, kabla vimelea havijafika kwenye ubongo, tiba huwa rahisi zaidi. Wafugaji wanaonunua ng'ombe kutoka maeneo yenye mbung'o nao wanashauriwa kuwaona maofisa mifugo ili wanyama watibiwe kabla ya kusafirishwa.